Wifi ananiachia kasa wake, nami bado nasikia kucha kwenye beseni

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu, na mara nyingi shida za wenzangu zimenifanya nizione zangu kuwa ndogo. Hii ya leo huenda wengine wakaiona ya kitoto, lakini kwangu imefika mahali pa kuninyima usingizi, na nyumbani imeanza kuleta maneno.

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 3. Tunaishi na mama mkwe, ambaye ana miaka 78 na afya yake si ya kutegemea sana. Miezi minne iliyopita binti yangu alianza kutaka kasa. Simaanishi kasa wa baharini, ni wale wa maji baridi wanaofugwa kwenye tangi la kioo, wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Alimwona kwa shangazi yake, yaani wifi yangu, akampenda hivi kwamba sasa kila daftari lake la shule lina picha ya kasa pembeni. Mume wangu, bila kuniuliza, akamwambia, "Ukifaulu vizuri mwaka huu, tutakuletea wako." Mtoto amefaulu vizuri.

Nilipoona maji yameshamwagika, nikaamua angalau nisome kwanza. Nikatenga daftari, nikaanza kuandika kila nilichokipata. Leo nimefika ukurasa wa 61, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Huyu anasema tangi la lita 75 linatosha, yule anasema chini ya lita 400 unamtesa mnyama. Mmoja anasema alishwe kila siku, mwingine anasema ukimlisha kila siku utamwua kwa unene. Kuna wanaoapa kwamba taa ya UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ni lazima, na kuna wanaosema ukiliweka tangi karibu na dirisha lenye jua umemaliza kazi. Mume wangu akinikuta naandika usiku huniambia, "Mama, unasomea udaktari? Ni kobe tu huyo. Anakula, analala."

Sasa mambo yamekimbia. Wifi yangu amepata kazi nchi nyingine na anaondoka baada ya wiki 6. Kasa wake hawezi kusafiri naye. Ameshamwambia kaka yake kwamba atatuachia sisi, pamoja na tangi na kila kitu. Mume wangu anaona ni neema imejileta yenyewe mlangoni. Binti yangu ameshampa jina.

Nilikwenda kumwangalia Jumamosi nikiwa na rula mkobani. Gamba lake lina urefu wa sentimita 19. Tangi lina urefu wa sentimita 60, maji yamefika nusu, na ndani kuna jiwe moja ambalo akilipanda, nusu ya mwili inabaki majini. Taa ni moja, ya kawaida. Wifi anasema ana miaka 6 na hajaugua hata siku moja. Nilipomuuliza kuhusu taa ya UVB alicheka, akaniambia napenda kujitafutia kazi.

Nikiwa bado nimeinama pale, kasa akaanza kukwaruza kioo kwa kucha zake fupi za mbele. Kwaru, kwaru, kwaru, bila kuchoka. Mshauri, mikono iliniisha nguvu.

Nilipokuwa na miaka 10, mjomba aliniletea kasa mdogo wa kutosha kwenye kiganja. Tulimweka kwenye beseni la plastiki la buluu, chini ya meza ya chumbani kwangu. Maji tu. Hakukuwa na jiwe wala taa. Nilimpa makombo ya mkate, na siku nyingine kipande cha nyama. Usiku nilisikia kucha zake kwenye ukuta wa beseni. Nilidhani anacheza, na nilizoea kupitiwa na usingizi kwa sauti ile kama watu wanavyolala kwa mvua. Baada ya miezi kadhaa macho yake yakavimba, yakafunga. Gamba likawa laini, ukilibonyeza linabonyea kama ukucha uliolowa. Asubuhi moja sauti haikuwepo. Watu wote niliwaambia amekufa kwa uzee.

Ni mwaka huu tu, katika kusoma kwangu, ndipo nilipojua alichokuwa akikitafuta usiku kucha: mahali pakavu penye joto.

Habari hii sijamwambia mume wangu. Na sijui tena kama daftari langu ni la kumwandalia mnyama maisha mazuri, au ni la kutafuta sababu ya kusema hapana. Nikimkubali, namwogopea mama mkwe na huyu mdogo, kwa maana nimesoma kuhusu salmonela, bakteria wanaoleta kuhara na homa. Nikimkataa, wifi anasema atakwenda kumwachilia mtoni, na mume wangu atasema nimemvunja mtoto moyo. Nisaidie nifikiri.

Mwenye Daftari

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Naomba nianze na kasa wa beseni, kwa sababu naona yeye ndiye anayeshika kalamu katika kurasa nyingi za daftari lako. Macho kuvimba hadi kufunga na gamba kulainika ni mambo ambayo madaktari wa wanyama wanayafahamu sana kwa kasa wanaofugwa. Macho mara nyingi hutokana na kukosa vitamini A, kwa mnyama aliyelishwa kitu kimoja au viwili tu. Gamba hulainika kwa kukosa kalsiamu, au kwa kukosa miale ya UVB ambayo ndiyo humwezesha kutengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu hata akiila haimfai. Gamba la kasa si kibanda alichojitwika. Ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana, na ana hisia humo. Kwa hiyo ulichokibonyeza kwa kidole ulikuwa mfupa wake ukidhoofika.

Nakueleza haya waziwazi kwa sababu umeshayasoma na kukuficha hakutakusaidia. Lakini hebu mwangalie na huyo msichana wa miaka 10. Alilisha alichonacho. Alilala karibu na mnyama wake kila usiku. Beseni lililetwa na watu wazima, likawekwa chini ya meza na watu wazima, na hakuna hata mmoja wao aliyemwambia kwamba kasa huhitaji kutoka majini. Binti yako sasa ana miaka 9. Kama jambo kama lile lingemtokea yeye, ungemhukumu kama unavyojihukumu?

Sasa nije kwenye barua. Kama nimekuelewa, unayo maswali matatu yaliyofungwa kwenye kitambaa kimoja. La kwanza ni la maarifa: kasa huyu anahitaji nini hasa? La pili ni la nyumba: je, nyumba yenye mtoto wa miaka 3 na mama wa miaka 78 inaweza kumpokea bila kumdhuru mtu? La tatu ndilo linalokunyima usingizi: je, unaiamini nafsi yako? Nikiyachanganya nitakupa jibu baya kwa yote, basi tuyafungue moja moja.

Kwanza kuhusu daftari. Unaona wasemaji wako wanagombana. Mimi naona wengi wao wanazungumzia wanyama tofauti, na hapo lugha yetu nayo hutuponza. Mume wako anasema "ni kobe tu". Wengi wetu humwita kobe kila mwenye gamba, ilhali kobe ni wa nchi kavu na akitumbukia kwenye maji mengi huzama, na kasa wa maji baridi ni muogeleaji anayekula akiwa majini. Ushauri wa mmoja unaweza kumwua mwingine. Kwa hiyo pitia kurasa zako 61, na kila palipoandikwa shauri, andika kando: hili ni la mnyama gani, na wa umri gani?

Utaona ugomvi mwingi unakwisha wenyewe. Anayesema alishwe kila siku anazungumzia kasa mchanga, ambaye hula nyama zaidi na hukua haraka. Anayesema siku moja ale na nyingine apumzike anazungumzia mkubwa, ambaye kadiri anavyokua ndivyo anavyohitaji majani na mimea zaidi. Wote wana haki. Wengi hupima chakula cha punje kwa kulinganisha na ukubwa wa kichwa chake. Na kasa akimwona mtu hupiga makasia kana kwamba hajala wiki nzima, hata kama amekula jana. Hiyo ndiyo tabia yake, isikuhadae.

Lita nazo ni hivyo hivyo. Kanuni inayotumiwa na wafugaji wengi ni lita 40 hivi kwa kila sentimita 2.5 za gamba. Kasa mchanga wa sentimita 5 anahitaji lita 80 kwa kanuni hiyo, na hapo ndipo ilipotoka lita 75 ya yule wa kwanza. Huyu uliyempima wewe, sentimita 19, anahitaji karibu lita 300. Na kama ni jike anaweza kufika sentimita 25 au hata 30, ndiyo maana yule mwingine akataja 400. Tangi la sentimita 60 lililojazwa nusu huenda halina hata lita 40. Hapo wewe na rula yako mlimwona mnyama vizuri kuliko watu waliokaa naye miaka 6, na sisemi hivi kumdharau wifi. Kasa huzoewa polepole, anakua mbele ya macho yako kama mtoto wako mwenyewe, huoni.

Kuna wanaosema kasa hukua kulingana na tangi, kwamba ukimweka padogo atabaki mdogo. Usimkubali anayekwambia hivyo. Anayedumaa kwa kubanwa anadumaa kwa kuugua.

Kuhusu dirisha, sina haja ya kuzunguka: kioo huzuia karibu miale yote ya UVB. Jua la dirishani humpa mwanga na joto, basi. Taa ya UVB nayo huishiwa miale kabla haijaishiwa mwanga, ndiyo maana hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12, kama ilivyoandikwa na mtengenezaji, hata kama bado inawaka vizuri. Mahali pa kuota joto pawe pakavu kabisa, apande mwili mzima, na juu yake pafike nyuzi 32 hivi za Selsiasi. Maji ya kasa mkubwa yawe kati ya nyuzi 24 na 26. Kichujio kiwe na nguvu ya tangi lenye ukubwa mara mbili ya hilo ulilo nalo, kwa sababu kasa huchafua maji kuliko samaki, na hata kikiwepo bado utabadilisha sehemu ya maji karibu kila wiki.

Lita 300 za maji zina uzito wa kilo 300, kabla hujahesabu kioo na mawe. Meza ya kawaida haibebi hilo. Watu wengi kwa sababu hiyo hutumia hodhi kubwa la plastiki lililokaa sakafuni, nalo linafaa vizuri tu. Kasa hajali kioo, kioo ni kwa ajili yetu. Nimeona nikwambie hili kwa makusudi, mwanangu. Beseni kuwa la plastiki halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa dogo, na halikuwa na pa kupanda.

Na kukwaruza je? Ulipoisikia sauti ile, ulimsikia kasa wa utotoni. Inawezekana kabisa huyu naye anatafuta pa kukauka, kwa jinsi ulivyolieleza jiwe lake. Lakini kasa hukwaruza kioo kwa sababu nyingi: amebanwa, ameona kivuli chake, ameona mtu anayedhani atamlisha. Na kuna moja ambayo barua yako imeigusa bila kujua. Uliandika kwamba kucha zake za mbele ni fupi. Kwa aina hii, dume aliyefika sentimita 19 kwa kawaida huwa na kucha za mbele ndefu mno, huwezi kuacha kuzitambua. Kwa hiyo huenda huyu ni jike, na jike aliyekomaa hutaga mayai hata kama hajawahi kuona dume. Akikosa udongo au mchanga wa kuchimba huhangaika, na mayai yakikwama ndani yanaweza kumwua. Daktari wa wanyama anayewajua wenye magamba ndiye wa kulithibitisha hilo, na ningependa amwone kabla hajahama kokote: atazame macho, pua, ugumu wa gamba, kama anaogelea sawa au anaegemea upande mmoja. Kuegemea na kutoa mapovu puani huwa dalili za ugonjwa wa mapafu. "Hajaugua hata siku moja" mara nyingi maana yake ni kwamba hajapimwa hata siku moja.

Sasa nyumba yenu. Hapa sitakulegezea maneno. Kasa mwenye afya njema kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela, akawatoa leo na asiwatoe kesho, kwa hiyo hata akipimwa akaonekana safi huwezi kuegemea kipimo hicho. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa wenye gamba fupi kuliko sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwaweka mdomoni na kuugua. Wataalamu wa afya hushauri nyumba zenye watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 65 na zaidi, au watu wenye kinga dhaifu, zisifuge wanyama wa jamii hii. Nyumba yako ina makundi mawili kati ya hayo. Hofu yako si ya kujitafutia kazi.

Wapo wanaofuga katika nyumba kama yako kwa kuchukua tahadhari. Tangi huwa kwenye chumba ambacho mtoto mdogo haingii. Maji machafu hayamwagwi kwenye sinki la jikoni, wala vyombo vya kasa havioshwi humo. Kila anayegusa kasa, maji au chujio hunawa kwa sabuni papo hapo, na hakuna kumbusu, hata kidogo. Tahadhari hizi hupunguza hatari, hazifuti. Na zinategemea mtu mzima mmoja ambaye hachoki, siku zote, hadi mwanao mdogo atakapofika miaka 5 na baada ya hapo kwa ajili ya bibi yake. Hebu niulize: katika barua nzima umemtaja mama mkwe kwa umri na kwa afya, lakini sijasikia kauli yake. Je, ameulizwa? Naye ni mwenye nyumba hiyo, na daktari wake anaweza kumweleza kuhusu mwili wake jambo ambalo mimi siwezi.

Jambo moja pekee ninaomba liondoke mezani, nalo ni la kumwachilia mtoni. Aliyezoea kulishwa anaweza kufa kwa njaa au kwa baridi. Na akiishi, ndiyo mbaya zaidi kwa wengine, kwani huwanyang'anya kasa wenyeji chakula na mahali pa kuota jua, na huwapelekea maradhi. Aina hii ya mstari mwekundu imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha yake ya viumbe vamizi mwaka 2016, na Japani ikazuia kuiuza na kuiachilia kuanzia Juni 2023. Ulizia sheria ya unapoishi kabla ya kumhamisha, maana kuna mahali hata kumpokea kwahitaji kibali. Sidhani wifi ana moyo mbaya. Nadhani amebanwa na tarehe, na hajui.

Ukishaondoa mto, bado zipo njia, na kila moja ina mwiba wake.

Mnaweza kumpokea moja kwa moja. Faida yake ni kwamba ni mkubwa tayari, unamjua ukubwa wake, hakuna cha kukushtua. Lakini kasa hawa huishi miaka 30 na zaidi wakitunzwa vizuri. Huyu akifika 30, binti yako atakuwa na miaka 33. Atakuwa ameondoka nyumbani kwenu zamani. Kwa hiyo tusiseme ni kasa wa mtoto. Ni kasa wako na wa mume wako, mtoto anawasaidia, na ahadi ya "tutakuletea wako" inahitaji kusikika upya kwa masikio hayo.

Mnaweza kumshika kwa muda, kwa tarehe iliyoandikwa, huku mkimtafutia mlezi. Mwiba hapa ni kwamba muda huota mizizi, na mtoto aliyempa jina ataachana naye mara ya pili. Mnaweza kumtafutia makao mengine tangu sasa, kupitia daktari wa wanyama au vituo vinavyookoa wanyama. Wiki 6 zinaonekana nyingi lakini kasa wakubwa wa aina hii ni wagumu sana kupatiwa nafasi, vituo vingi vimejaa, kwa hiyo anayechagua njia hii aanze wiki hii. Wako watakaokwambia uchukue aina ndogo zaidi, kuna kasa wasiozidi sentimita 14 au hapo karibu. Tangi litapungua, lakini salmonela na miaka haipungui, na kasa wa wifi bado atakuwa amebaki palepale. Ama kobe wa nchi kavu, jamii yao yote imo kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo asikuletee mtu kobe asiye na karatasi.

Na mnaweza kusema hapana. Hapana iliyofikiriwa kwa kurasa 61 ni kazi halali ya utafiti, kama ilivyo ndiyo. Hukuanza kusoma ili ujilazimishe kufuga.

Kuna jambo lingine ningelifikiria kama ningekuwa wewe, kwa sababu mna wiki 6 na kasa hayuko mbali. Msaidieni pale pale alipo. Mpandishieni jukwaa pakavu na taa inayofaa hata kabla ya uamuzi, maana hivyo atavihitaji popote atakapokwenda. Kisha kila Jumamosi mwende wewe, mume wako na binti yako mkabadilishe maji, mkamlishe, mkanawe, mrudi. Mume wako abebe ndoo. Mtoto apime gamba na kuandika tarehe kwenye daftari lako, kwa kuwa naona nyumbani kwenu yapo madaftari mawili ya kasa na hayajawahi kufunguliwa pamoja. Jumamosi ya nne, tazama nani bado anakumbusha na nani anaburutwa. Hatari yake naijua, mtoto atazidi kumpenda. Lakini atampenda akiwa amenusa na maji yake.

Kabla ya Jumamosi ya kwanza, ningetamani umsimulie mume wako habari ya beseni. Yeye anaona mke anayeandika usiku kuhusu lita na taa, na anadhani unabishana naye. Hajui kwamba kuna sauti unayoisikia. Huna haja ya kumshawishi kwa takwimu. Mwambie tu, "Niliwahi kuwa na kasa, akafa mikononi mwangu, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini." Huenda akanyamaza. Mwache anyamaze. Na kama siku moja utaona binti yako yuko tayari, naye anastahili kuisikia, bila kumtisha.

Utakapofika kwa wifi, usiende moja kwa moja kwenye tangi. Simama mlangoni, mahali ambapo kasa hakuoni, kwa dakika 10 hivi, usikilize. Kama kucha zinaanza pale tu anapokuona, huenda anakuomba chakula. Kama zinakwaruza hata chumba kikiwa kitupu, mwambie daktari hivyo hivyo. Liandike hilo kwenye ukurasa wa 62, kisha uniandikie na mimi ulichosikia.